Tandiko linalorekebishika: upana ni mwanzo tu wa kazi

Anayenunua tandiko la farasi linaloweza kurekebishwa huambiwa kwamba fedha zake hazitapotea. Farasi akinenepa au akikonda, au akiuzwa na kununuliwa mwingine, hubadilishwa upinde wa chuma wa mbele na tandiko likaendelea na kazi. Ahadi hiyo ina ukweli, lakini ukweli huo una mipaka, na wanaolipa kwa kutoijua ni farasi, si wauzaji. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba urekebishaji ni njia ya kuufuata mgongo unaobadilika, kwa tandiko ambalo tangu mwanzo lilikuwa linamwenea farasi huyo. Si njia ya kulilazimisha tandiko lisilo lake. Zaidi ya hapo, kila rekebisho la sehemu moja hugusa sehemu nyingine, kwa hiyo anayebadilisha upana na kuishia hapo ameianza kazi bila kuimaliza.

Kwanza tujiulize kwa nini tandiko lihitaji kurekebishwa hata kidogo. Mwaka 2015 madaktari wa mifugo Line Greve na Sue Dyson walichapisha matokeo ya kupima migongo ya farasi 104 wa michezo, kila baada ya miezi miwili kwa mwaka mzima. Migongo hiyo haikubaki ilivyokuwa. Umbo lake lilibadilika kwa kufuata uzito wa mwili, majira ya mwaka na wingi wa kazi, na pia kwa kufuata tandiko lenyewe: kuboreshwa kwa ukaaji wa tandiko kulihusiana na kuongezeka kwa vipimo vya mgongo. Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa. Misuli iliyokuwa imebanwa ikipata nafasi hujijenga, na ikishajijenga, tandiko lililoleta nafuu miezi michache iliyopita huanza kubana. Tandiko zuri, kwa maneno mengine, husababisha lenyewe haja ya kurekebishwa. Kwa hiyo kununua tandiko lisiloweza kubadilika kabisa ni kulipia kipimo cha siku moja, na kununua linalobadilika bila kulipima tena kunamfikisha farasi palepale.

Ili kujua nini kinaweza kurekebishwa na nini hakiwezi, inabidi tuangalie tandiko linakaa juu ya nini. Farasi hana mtulinga. Kifua chake kimening'inizwa na misuli katikati ya miguu ya mbele, bila kiungo cha mfupa kinachokiunganisha na miguu hiyo. Mguu wa mbele unapotangulia, ncha ya juu ya kombe la bega, ambayo ni gegedu, hurudi nyuma kuelekea mahali ambapo upinde wa tandiko umesimama. Nyuma ya bega kuna mbavu zilizoshikana na pingili 18 za mgongo, kisha mbavu zinakwisha na kiuno kinaanza. Mzigo wa mpandaji unapaswa kubebwa na eneo hilo la mbavu peke yake, yaani kuanzia nyuma ya bega hadi pingili ya 18, tena pembeni mwa uti wa mgongo na si juu yake. Eneo hilo halipanuki kwa bisibisi. Farasi mwenye mgongo mfupi akiwekewa tandiko refu, hakuna upinde wa upana wowote utakaolifupisha, na uzito utaangukia kiunoni kila mpandaji anapokaa. Kwa sababu hiyo urefu wa tandiko huamuliwa kabla ya upana, na mkunjo wa fremu, yaani kiunzi cha ndani cha tandiko, vilevile: mgongo ulionyooka hudai fremu iliyonyooka, na mgongo uliobonyea hudai fremu yenye mkunjo.

Jeshi la Uingereza lilijifunza gharama ya kupuuza mambo haya katika ardhi ya Afrika. Frederick Smith, daktari wa mifugo wa jeshi hilo, alikwisha kuandika mwaka 1891 kitabu kizima kuhusu matandiko na vidonda vya mgongo. Hata hivyo vita vya Afrika Kusini vya 1899 hadi 1902 vilikula farasi zaidi ya 300,000 wa upande wa Waingereza, wengi wao wakiuawa na uchovu, njaa na maradhi, si risasi. Farasi walishushwa melini wakiwa wamedhoofika, wakapelekwa mstari wa mbele bila mapumziko ya kutosha, wakabebeshwa askari na mizigo yake huku malisho yakiwa haba. Vidonda vya mgongo vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatoa farasi kazini, na njia yake inaeleweka. Mnyama anapokonda, nyama iliyolishikilia tandiko pande zote mbili hupungua, tandiko hushuka, na upinde uliokuwa ukielea juu ya kinundu cha mabega hukutana na ngozi na mfupa. Tandiko lilikuwa lilelile lililomwenea kabla hajakonda. Kilichobadilika ni mgongo uliokuwa chini yake.

Jibu la mafundi wa jeshi lilikuja katika tandiko la mwaka 1912, na hadi leo linastahili kuchunguzwa. Badala ya kuyakaza matao ya chuma ya mbele na nyuma juu ya mbao mbili za pembeni, waliyaunga kwa viungo vinavyocheza kama bawaba. Kila ubao ukaweza kugeuka na kulala kwa mteremko wa mbavu zilizo chini yake, mbele na nyuma. Farasi akinenepa mbao zililala zaidi, akikonda zilisimama zaidi. Blanketi lililokunjwa chini ya tandiko lilijaza pengo lililobaki, na idadi ya mikunjo iliweza kuongezwa au kupunguzwa kulingana na hali ya mnyama. Ubora wa wazo hili ni kwamba lilitenganisha matatizo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kuna umbali kati ya upande mmoja wa tandiko na mwingine, na kuna mteremko wa kila upande. Farasi wawili wanaweza kuwa na upana uleule mabegani, mmoja mteremko wake ukiwa mkali kama paa la nyumba na mwingine ukiwa umelala. Bawaba ilishughulikia mteremko, tena kwa urefu wote wa ubao, na blanketi likashughulikia ujazo.

Matandiko ya leo yamechukua njia nyingine. Mfano unaojulikana zaidi ni Wintec ya Australia, ambayo upinde wake wa mbele huondolewa na kubadilishwa, na kila ukubwa una rangi yake, kuanzia njano kwa farasi mwembamba, nyeusi kwa wa kati, nyekundu kwa mpana, hadi nyeupe kwa mpana zaidi. Mmiliki hufungua sehemu ya mbele ya mito iliyo chini ya tandiko, hulegeza skrubu, huchomoa upinde, huweka mwingine na kukaza tena. Ni kazi ya bisibisi inayofanyika bandani. Faida yake ni kubwa, lakini tazama kinachobadilika: ni sehemu ya mbele peke yake. Mito iliyo nyuma, mkunjo wa fremu na upana wa mfereji unaopita juu ya uti wa mgongo hubaki vilevile. Ukiweka upinde mpana zaidi, mbele hushuka na kikalio huinama mbele, na mpandaji huteleza kuelekea mabegani. Ukiweka mwembamba, mbele hupanda na mpandaji hurudishwa nyuma, uzito wake ukilundikana mwisho wa mito. Kwa hiyo rekebisho la upana huzaa tatizo la usawa, na tatizo hilo lazima litatuliwe kwa kuongeza au kupunguza ujazo wa mito, ama kwa vipande maalumu vya kuinulia, ama kwa sufu.

Upimaji unaofaa hufuata mpangilio huohuo wa sababu na matokeo. Farasi asimame juu ya sakafu iliyo sawa, miguu minne ikibeba uzito sawasawa, bila kitambaa chochote mgongoni. Tandiko huwekwa mbele kidogo ya mahali pake, kisha husukumwa nyuma mpaka likwame lenyewe. Mahali linapokwama ndipo litakaporudi wakati wa mwendo, hata likifungwa mbele zaidi. Ncha za upinde zikae nyuma ya kombe la bega, kati ya kinundu na upinde papite vidole viwili au vitatu, na ukichungulia kutoka nyuma uone mwanga katika mfereji wote. Halafu kiganja kipitishwe chini ya mito kuanzia mbele hadi nyuma. Kikibanwa mbele na nyuma lakini kikalegea katikati, tandiko limejenga daraja, na uzito umeangukia pembe nne. Kikibanwa katikati na kulegea kwenye ncha, tandiko litayumba mbele na nyuma kwa kila hatua. Kasoro zote mbili zinatokana na mkunjo, na kubadilisha upinde hakuziondoi. Baada ya hapo mshipi wa tumbo ukazwe, mpandaji apande, na vipimo virudiwe, kwa sababu tandiko tupu na tandiko lenye mtu hayakai sawa. Umbo la mgongo nyuma ya bega lichukuliwe kwa waya mnene au rula inayopindika, lichorwe kwenye karatasi ngumu na kuandikwa tarehe. Karatasi hizo zikikusanyika zitaonyesha mabadiliko ambayo jicho lililozoea kumwona farasi kila siku haliyaoni.

Ipo pia kasoro inayoonekana kuwa ya tandiko kumbe si yake. Tandiko linapoteleza upande mmoja, wengi hukimbilia kuongeza kipande chini ya mto. Utafiti wa Greve na Dyson uliochapishwa mwaka 2014, uliohusu farasi 506, ulionyesha uhusiano mkubwa kati ya kuteleza huko na kuchechemea kwa miguu ya nyuma, mara nyingi kwa kiasi kidogo ambacho mmiliki hakuwa amekitambua. Dyson na wenzake waliona pia kwamba maumivu ya mguu yakizimwa kwa sindano ya ganzi, tandiko kwa kawaida huacha kuteleza. Somo la kiufundi ni wazi: daktari wa mifugo atangulie, fundi afuate. Bega moja likiwa kubwa kuliko jingine, jambo la kawaida, tandiko lipimwe kwa upande mkubwa na upande mdogo ujazwe, kwa sababu kuubana upande wenye misuli ili ulingane na uliopungua ni kuifanya kasoro iwe ya pande mbili.

Mpandaji naye yumo ndani ya hesabu hii, si kwa ajili ya raha yake tu. Kikalio kidogo humsukuma mtu kwenye ukingo wa nyuma, na mgandamizo huo huenda moja kwa moja mwisho wa mito, karibu na kiuno cha farasi. Vikuku vikining'inia mbele mno, miguu hutangulia na mwili huachwa nyuma, na matokeo ni yaleyale. Sehemu ya kina zaidi ya kikalio inapaswa kuwa katikati, ili sikio, bega, nyonga na kisigino cha mpandaji vipangane wima. Uzito nao una kikomo chake. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2008 liliwabebesha farasi asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wao, na dalili za kuchoka na misuli kuuma zilijitokeza zaidi mzigo ulipofika asilimia 25 na 30. Kwa farasi wa kilo 400, asilimia 20 ni kilo 80, tandiko likiwa ndani yake. Hakuna urekebishaji unaofuta hesabu hiyo.

Wapo watakaosema kwamba yote haya yangeepukika kwa kushonesha tandiko maalumu. Ni kweli kwamba tandiko lililoshonwa kwa kipimo huanza vizuri kuliko lolote, lakini nalo huanzia kwenye mgongo wa siku ya kipimo. Linabaki zuri pale tu fundi anaporudi kuongeza na kupunguza sufu, yaani nalo hurekebishwa. Wengine hutegemea kitambaa kinene, lakini kukiweka chini ya tandiko linalobana ni kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana. Wengine wanaona dawa ni kuondoa fremu kabisa. Kwa macho, jambo hilo huonekana kumpa farasi uhuru wa mgongo, lakini vipimo vilivyochapishwa mwaka 2012 vilionyesha kwamba tandiko la fremu lilitawanya mgandamizo katika eneo kubwa zaidi kuliko lisilo na fremu. Fremu ndiyo inayogeuza uzito wa makalio mawili kuwa mzigo wa mbavu nyingi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mmiliki asiye fundi anaweza kuharibu akipewa bisibisi. Hilo nalikubali kwa sehemu, lakini dawa yake si kumnyang'anya bisibisi, bali kumfundisha kwamba upinde ukibadilishwa, usawa na mito vikaguliwe siku hiyohiyo.

Jambo hili la kurekebisha na kupima tandiko lina uzito wa pekee huku kwetu Kenya, iwe kwa farasi wa polo, wa mbio za Ngong au wa safari za Laikipia na Maasai Mara, ambao leo hubeba mgeni mwepesi na kesho mzito, na ambao malisho yao hufuata mvua. Mafundi waliosomea kazi ya kulikalisha tandiko hawako kila mji, kwa hiyo tandiko ambalo mmiliki anaweza kulihudumia mwenyewe ni chaguo la busara. Alichague kwa kufuata urefu na mkunjo wa mgongo kwanza, upana baadaye. Apime kila baada ya miezi miwili au mitatu, na kila farasi anapotoka katika ukame, ugonjwa au mapumziko marefu. Na kila farasi awe na tandiko lake: upinde unaobadilishika haukubuniwa ili tandiko moja lizungushwe kwa farasi watano kwa asubuhi moja. Anayekubali masharti hayo atapata thamani yote aliyoilipia. Asiyeyakubali amenunua tandiko la kawaida lenye skrubu za ziada.