Hofu ya Nani Iliyoua? Kifo katika Tamthilia ya Kifo Kisimani

Utangulizi

Mtahiniwa anapotakiwa kujadili maudhui ya kifo katika Karatasi ya Tatu, aghalabu huorodhesha waliokufa, akataja waliowaua, kisha akahitimisha kwamba huyu ni jasiri na yule ni mwoga. Jibu hilo si kosa, ila halijagusa kiini. Makala hii inapendekeza swali lingine: ni hofu ya nani iliyoua? Tutalijibu kwa kurejelea Kifo Kisimani (2001), tamthilia ya Kithaka wa Mberia iliyowahi kutahiniwa katika KCSE, pamoja na matukio ya Kisii na Nyamira ambayo wanafunzi wetu wanayajua bila kuyasoma kitabuni.

Hofu ya mtawala

Katika Butangi, Mwelusi anateswa kizuizini lakini msimamo wake haulegei. Anayetetemeka hasa ni Mtemi Bokono. Ana askari, ana vibaraka, ana jela, ila anamwogopa kijana ambaye silaha yake ni kauli tu. Hofu hiyo inatafuta mkono wa kuitumikia, nayo inaupata nyumbani kwa Mwelusi mwenyewe. Gege anaahidiwa binti wa mtemi, naye anamwua nduguye kisimani. Mhakiki asiipuuze ishara hii: kisima ni mahali pa maji, yaani pa uhai wa wote.

Hofu ya kijiji

Mnamo Mei 2008, umati uliwateketeza wazee 11 katika vijiji vya Gusii, wengi wao wanawake, wakidaiwa kuwa abarogi, yaani wachawi. Oktoba 2021, wanawake wazee wanne waliuawa huko Marani kwa madai yayo hayo. Haya si mambo ya kale. Shule zipo na hospitali zipo. Hata hivyo, daktari hueleza maradhi yaliyoua, ilhali hofu huuliza ni nani aliyeyatuma. Lawama humwangukia ajuza asiye na wa kumtetea.

Mwalimu asizichanganye hofu hizi mbili. Bokono anahofia kiti chake, na anajua anachokitenda. Kijijini hofu ni ya wengi, na baadhi yao huamini kwa dhati kwamba wanajikinga na kifo. Zinapokutana ni kwenye ahadi. Gege aliahidiwa mke. Baada ya mauaji ya Marani, watetezi wa wazee walitaja migogoro ya ardhi. Katika milima hii, ambako shamba hugawanywa hadi likawa ukanda, kipande cha bibi kizee ni ahadi tosha.

Darasani

Huenda darasani yumo mjukuu wa aliyenyoshewa kidole, na papo hapo yumo mwana wa aliyekinyosha. Mwalimu asimlazimishe yeyote kusimulia ya kwao. Hapa ndipo tamthilia inapotufaa: Butangi haimo katika ramani, kwa hivyo wanafunzi wanaweza kumjadili Gege bila kumtaja jirani. Aanze kwa kuwauliza: Je, kama Gege angekataa, hofu ya Bokono ingemfikiaje Mwelusi? Wakishajibu, watafika Marani wenyewe, kimyakimya, bila kuongozwa.

Hitimisho

Kifo hakina mwenyewe, nayo hofu ni ya kibinadamu. Hakuna haja ya kumkejeli anayeogopa. Linalohitaji kuhakikiwa ni safari ya hofu hiyo: ilianzia kwa nani, ilipewa mkono na nani, na ilimfaidi nani. Mtahiniwa atakayeyajibu hayo matatu kwa mifano mwafaka atakuwa amevuka mpaka wa kuorodhesha sifa za wahusika. Zaidi ya hayo, siku atakaposikia kelele za umati usiku, atakuwa na swali la kuuliza kabla ya kutoka nje.

Swali la marudio

"Kilichomwua Mwelusi si chuki ya Gege bali hofu ya Bokono." Jadili. (Alama 20)