Kompresa ikichelewa kujaa, usianze na ringi

Katika gareji nyingi za Kisii na Nyamira, kompresa ikichelewa kujaza tangi, lawama huangukia ringi za pistoni. Silinda hedi inafunguliwa, ringi mpya zinanunuliwa, na tatizo linabaki palepale. Uchunguzi mzuri huanza na kisichogharimu kitu.

Kwanza, saa. Mwaga hewa yote, washa, pima muda hadi geji isome bar 8. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huko ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Tangi la lita 100 linalojaa kwa lita 800 za hewa ya pwani linataka takriban lita 970 za hewa ya Kisii. Mashine nzima kabisa itachelewa kwa sehemu moja ya tano hivi. Hiyo si hitilafu. Ikizidi hapo, endelea.

Pili, sikiliza. Mashine ikijizima, swichi ya presha hutoa hewa kidogo, kisha hunyamaza. Ikiendelea kuvuja pale, usibadilishe swichi. Vali inayozuia hewa kurudi, pale bomba linapoingia tangini, haifungi. Mara nyingi kuna chembe ya kutu au masizi imekwama. Mwaga presha, fungua, safisha. Vali hiyohiyo ndiyo huifanya mota iungurume bila kuzunguka, kwa kuwa inaanza huku pistoni imebanwa na hewa.

Mota ikiendelea kuunguruma hata baada ya hapo, pima stima wakati inajaribu kuwaka. Ikishuka kutoka volti 240 hadi 200, nguvu ya kuanzia hupungua kwa karibu asilimia 30. Waya mwembamba na mrefu hutosha kuleta hasara hiyo.

Tatu, weka kiganja mbele ya filta. Kikipulizwa badala ya kuvutwa, vali ya kunyonya imevunjika au haikai. Paka povu la sabuni kwenye maungio, kagua mkanda. Ringi zishukiwe pale hewa inapopuliza kwa nguvu kwenye tundu la kujazia oili.

Yabaki maji. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 75 huacha zaidi ya gramu 10 za maji kila tangi la lita 100 linapojazwa kutoka sifuri. Mpuliza rangi huyaona kama malengelenge kwenye bodi ya gari; tangi huyaona kama kutu. Fungua koki ya chini kila jioni. Tangi likishatoboka kwa kutu, usilichomelee: bati lililobaki limekuwa jembamba, na bar 8 zitalipasua. Hilo halina ukarabati, litupwe.