Seli za Ubongo Hazizimiki

Wapo wafasiri wa makala za siha waandikao kwamba mtu akilala, seli za ubongo wake "huzimika". Kauli hiyo inapotosha. Katika usingizi mzito seli za gamba la ubongo huamka pamoja na kunyamaza pamoja, kwa mawimbi ya polepole. Katika usingizi mwingine, uliobainishwa na Aserinsky na Kleitman huko Chicago mwaka 1953, macho huchezacheza chini ya kope, na utendaji wa seli hizo hukaribia ule wa mtu aliye macho.

Wengine huuita "usingizi wa ndoto". Lakini ndoto hutokea hata nje yake. "Usingizi wa macho yachezayo" ni istilahi sahihi zaidi.

Kiswahili hakikosi maneno. Mkaazi wa Mtoni, Unguja, husema, "Nimelala, lakini sikupata usingizi". Basi kulala ni jambo moja, usingizi jingine. Tunayo pia mang'amung'amu, hali iliyo baina ya usingizi na kuwa macho. Mfasiri na alitumie kila neno mahali pake. Tukiliachia "huzimika" lipite, mwanafunzi atadhani kukesha ni bidii na usingizi ni uvivu.