Wapambe Nuksi: Static Shock na Sayansi ya Mbabe wa Darasa

Ukikatiza Mchikichini kuelekea Kariakoo hukosi kibanda cha kuingiza muvi kwenye flashi. Unataja unachotaka, unalipa, unaondoka, na jioni madogo wote wa nyumbani wamekaa mbele ya luninga. Leo tunaijadili katuni moja ya zamani kidogo, Static Shock ya Marekani, iliyorushwa kuanzia 2000 hadi 2004 kwa sehemu 52. Tumeichagua kwa sababu inagusa swali ambalo kila aliyepita shule analielewa: yule mbabe aliyekuwa anakuonea, siku akirudi na nguvu za kutisha na kisasi kichwani, utafanyaje?

Kisa chenyewe kiko hivi. Virgil Hawkins ni kijana wa sekondari. Shuleni kuna mbabe anaitwa Francis, ambaye kumpiga Virgil kwake ni kama ratiba. Kiongozi wa genge, Wade, anajitolea kumlinda Virgil, lakini ulinzi una bei: aje kwenye ugomvi wa magenge bandarini. Virgil anapewa bastola, anaitupa. Kwenye vurugu hizo gesi ya majaribio ya kampuni moja inavuja, na walioivuta wanabadilika. Virgil anapata nguvu za umeme, anakuwa Static. Francis naye anapata nguvu za moto, anakuwa Hotstreak. Sasa steringi na mbabe wake wanakutana tena, safari hii kila mmoja na silaha mwilini.

Tuanze na fizikia, maana kuna jambo la kufurahisha. Dwayne McDuffie, mmoja wa waliombuni Static, alikuwa na shahada ya uzamili ya fizikia. Na kweli, umeme wa Virgil una ndugu zake kwenye maumbile. Ziwa Tanganyika lina kambare wa umeme wa jamii ya Malapterurus, na kambare wa jamii hiyo wanaweza kutoa hadi volti 350 hivi. Seli zao maalumu zimepangana kama betri kwenye tochi: kila moja ina umeme kidogo, zikiungana unarushwa.

Moto wa Hotstreak ndio unaogoma. Mtu mzima anakula chakula chenye nishati ya takriban megajuli 10 kwa siku. Kilo moja ya mkaa ikiungua inatoa kama megajuli 30. Piga hesabu: ili Hotstreak atoe moto wa kilo moja tu ya mkaa, inabidi atumie chakula cha siku 3, bila kutembea wala kuhema. Kwa ugomvi mmoja wa dakika 5 angekuwa ameshakonda. Lakini hilo tunalisamehe, katuni ni katuni.

Tusilolisamehe ni jambo jingine. Hotstreak anatuambia kwamba mbabe ni kiumbe wa aina yake: hasira zake zinamtoka kama moto, yuko peke yake, na dawa yake ni mtu mmoja mwenye nguvu kumzidi. Hapo ndipo sayansi inapokataa, na inakataa kwa ushahidi.

Mwaka 1996 mtafiti wa Finland, Christina Salmivalli, na wenzake waliwauliza wanafunzi nani hufanya nini pale mtu anapoonewa. Waligundua kwamba uonevu ni mchezo wa darasa zima. Yupo anayeonea na anayeonewa, ndiyo. Lakini wapo pia wasaidizi wa mbabe, wapo wanaocheka na kushangilia, wapo wanaojitenga, na wapo wanaomtetea mnyonge. Kwa Kiswahili cha mtaani hao wawili wa kwanza tuna jina lao siku nyingi: wapambe. Na tunajua wapambe ni nini. Nuksi!

Miaka 5 baadaye, 2001, watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya kurekodi watoto kwenye viwanja vya shule kwa kamera na vinasa sauti. (Mmoja wao anaitwa Hawkins kama steringi wetu, ni bahati tu.) Watoto wengine walikuwepo katika asilimia 88 ya matukio ya uonevu. Waliingilia kati katika asilimia 19 tu. Sasa sikiliza hii: pale walipoingilia, asilimia 57 ya uingiliaji huo ulifanikiwa, na uonevu ukakoma ndani ya sekunde 10. Sekunde 10, bila umeme wala gesi.

Wewe uliyesoma shule za msingi za huku hushangai. Unakumbuka vile vilima viwili vya mchanga: hili ziwa la mama yako, hili la mama yake, nani ataanza kulipiga teke? Anayejenga vilima si mbabe wala si mnyonge. Ni mpambe, na mkono wake hauumii.

Kinachouma zaidi ni kwamba waandishi wa Static Shock walilijua hili. Mwaka 2002 walitoa sehemu inaitwa "Jimmy". Humo mwonevu ni Nick, mwanafunzi wa kawaida asiye na nguvu zozote za ajabu. Nick na wenzake wanamdhalilisha Jimmy siku baada ya siku, mpaka Jimmy anakuja shule na bastola. Kwenye purukushani risasi inampata Richie, rafiki wa Virgil, mguuni. Static, na volti zake zote, hajaweza kulizuia. Sehemu hiyo ilipata tuzo ya Humanitas, na kwa maoni yangu ilistahili. Ni ngumu kuitazama kwa sababu hakuna zimwi la kulisingizia.

Halafu kuna swali ambalo Hotstreak analifunika kwa moshi: mbabe anatoka wapi? Tobias Hecker na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti uliofanyika hapa Tanzania kwa watoto 409 wa shule ya msingi. Asilimia 95 walishawahi kuadhibiwa kwa kipigo na mzazi au mlezi. Na kadiri adhabu zilivyokuwa kali, ndivyo matatizo kama ukorofi na ugomvi yalivyoonekana zaidi. Angalizo: utafiti wa kupima mara moja hauthibitishi kipi kimesababisha kipi. Inawezekana pia mtoto mkorofi ndiye anayechapwa zaidi. Lakini unatosha kutufanya tusimtafute Hotstreak kwenye gesi ya bandarini kabla hatujaangalia fimbo iliyoko nyuma ya mlango.

Kwa hiyo, tuitazame au tuiache? Itazame. Michoro imezeeka lakini inasisimua, na utani wa Virgil bado unachekesha. Ila ukiwawekea wadogo zako, wawekee na "Jimmy", halafu waulize swali moja ambalo si la nani mwenye nguvu zaidi. Waulize: pale Jimmy alipokuwa anachekwa, waliosimama pembeni walikuwa wangapi? Wakianza kuhesabu, wameshaelewa.