Si Bidhaa, Si Mtu: Ng'ombe Ambaye Sera ya Kikanda Haimjui

Chukua Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyoanza kutumika Julai 2010, halafu jiulize ng'ombe anaingia wapi. Wa kuuzwa ana nafasi yake, maana ni bidhaa. Mchungaji naye ana nafasi yake, maana ni mtu. Lakini yule ng'ombe anayetoka Kajiado wakati wa kiangazi, akaingia Longido kufuata nyasi, kisha akarudi kwao mvua ikinyesha? Huyo hauzwi wala hanunuliwi. Si bidhaa, na mtu siyo. Kwa lugha ya itifaki, ni kama hayupo.

Unaweza kusema hilo ni jambo la wanasheria, blogu ya sayansi inahusikaje? Inahusika kwa sababu utetezi mkubwa wa kumzuia ng'ombe huyo ni wa kisayansi: magonjwa. Na hoja hiyo ikipimwa kwa ushahidi wa magonjwa yenyewe, inapwaya.

Kumbuka mwaka 2017. Ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliokuwa wakichungwa upande wa Tanzania walikamatwa na kupigwa mnada. Haukupita muda, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vikachomwa moto Namanga, kwa maelezo ya kuzuia mafua ya ndege. Matukio mawili tofauti kabisa, moja la malisho na jingine la biashara, lakini yakashughulikiwa kwa jicho moja: mnyama kavuka bila karatasi, basi ni hatari. Tuseme ukweli, Tanzania haikuwa ikilalamika bure. Malisho ya Longido yana wenyewe, na wenyewe nao wana kiangazi. Ila ugomvi wa nyasi ujadiliwe kama ugomvi wa nyasi. Tusiuvalishe koti la daktari wa mifugo.

Sasa tazama ugonjwa wenyewe unavyosafiri. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilijitokeza Turkana, kaskazini mwa Kenya, mwaka 2006. Mwaka 2007 ikathibitishwa Karamoja, Uganda. Mwaka 2008 ikathibitishwa Ngorongoro, Tanzania. Hadi hapo mtetezi wa kufunga mipaka atasema, si unaona? Inatembea na wafugaji! Subiri kidogo. Mwaka 2009 ugonjwa ulifika Newala, kusini kabisa mwa Tanzania, na wachunguzi walipofuatilia walikuta umeingia na mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mbuzi hao hawakuvuka mpaka wa nchi yoyote. Walipanda gari, wakafuata barabara ya biashara kama bidhaa nyingine yoyote.

Sokoni, wanyama wa kila pembe hukutana siku moja, hupumuliana, kisha jioni hutawanywa kila upande. Kwa kirusi, hiyo ni sherehe. Kundi linalohamia malisho hukutana na makundi yaleyale kila mwaka, kwenye visima vilevile. Hatari ipo, sikatai, lakini ni hatari unayoweza kuitabiri na kuiwahi. Sera yetu inalegeza pale penye mchanganyiko mkubwa na kukaza pale panapotabirika.

Jumuiya ya IGAD imejitahidi zaidi. Itifaki yake ya uhamaji wa mifugo, iliyopitishwa na mawaziri mwaka 2020, inakiri wazi kwamba kuvuka mpaka kufuata malisho ni namna halali ya kufuga, na kwamba kazi ya serikali ni kuufanya uhamaji huo uwe salama. Kwa eneo letu hiyo ni hatua kubwa. Kasoro ya kwanza iko kwenye ramani: Tanzania si mwanachama wa IGAD. Kwa hiyo mpaka wa Kenya na Tanzania, ambako Wamasai wa ukoo mmoja wanaishi pande zote mbili, uko nje ya itifaki hiyo.

Kasoro ya pili ni imani katika cheti. Wazo hili lilitangulia Afrika Magharibi, kwenye uamuzi wa ECOWAS wa mwaka 1998: mfugaji awe na cheti kinachoonyesha idadi ya mifugo, chanjo, njia atakayopita na kituo atakachovukia. Kwenye meza ya ofisi inapendeza. Lakini mfugaji anahama kwa sababu mvua haikunyesha pale alipoitegemea. Utamwandikishaje njia mwezi wa tano, wakati yeye mwenyewe ataijua mwezi wa tisa, baada ya kijana wake kwenda kukagua na kurudi na habari za nyasi?

Na hata hiyo safu ya chanjo inahitaji kusomwa kwa makini. Chukua ugonjwa wa miguu na midomo. Kirusi chake kina aina saba, na Afrika Mashariki zinazunguka zaidi O, A, SAT 1 na SAT 2. Kinga ya aina moja haimkingi mnyama dhidi ya nyingine, na chanjo zake nyingi zinahitaji kurudiwa kila baada ya miezi sita hivi. Upande mmoja wakichanja kwa O na A, wa pili wakachanja kwa SAT, wakakutana kisimani, kila ng'ombe ana mhuri na kila ng'ombe yuko hatarini. Sera ya pamoja ingeanzia hapa: chanjo ipi, lini, pande zote mbili. Badala yake tunasawazisha fomu.

Eti haiwezekani? Ilishawezekana. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na mara ya mwisho kirusi chake kuonekana ilikuwa hapahapa kwetu, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru nchini Kenya mwaka 2001. Kilichosaidia sehemu kama Karamoja na Sudan Kusini ni chanjo iliyoweza kustahimili joto bila friji, na wahudumu wa mifugo waliotoka miongoni mwa wafugaji wenyewe, wakaibeba kwa miguu hadi kambini. Chanjo ilimfuata ng'ombe alikokwenda. Haikumngoja kituoni.

Makubaliano ya amani na maendeleo ya mpakani kati ya Kenya na Uganda, yaliyotiwa saini Moroto Septemba 2019 na Marais Kenyatta na Museveni, yalikaribia roho hiyo: Waturkana wanaingia Karamoja, wanapata maji na malisho. Mei 2023 ikaja amri ya Rais Museveni: wazee wa Kiturkana wapewe miezi sita wawashawishi watu wao wasiingie na bunduki, la sivyo wafukuzwe na ng'ombe wao, wasirudi tena. Usalama ni jambo zito, sibishi. Lakini ona jinsi haki ya malisho ya watu wote inavyoning'inia kwenye kalamu moja.

Kwa Kenya na Tanzania, mahali pa kuanzia pameshaandikwa. Ibara ya 108 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inazitaka nchi wanachama zioanishe sera na sheria za kudhibiti magonjwa ya mifugo. Sotoka ya mbuzi na kondoo imewekewa lengo la kutokomezwa duniani ifikapo 2030, na dozi moja ya chanjo yake hukinga kwa miaka mitatu hivi. Madaktari wa mifugo wa Longido na Kajiado hawahitaji itifaki mpya ili wachanje wiki moja. Wanahitaji kalenda moja, bajeti mbili zinazotoka kwa wakati, na ruhusa ya kupigiana simu bila kusubiri barua ipite Dodoma na Nairobi. Na kazi iishe kabla kiangazi hakijawakutanisha mbuzi wao kisimani.