Muthokoi Kwanza, Mbuzi Baadaye

Krismasi ya Ukambani husifiwa kwa mbuzi, ingawa mbuzi ndiye sehemu nyepesi kuliko zote. Beberu wa kilo 30 hutoa takriban kilo 14 za nyama pamoja na mifupa, na mwenyeji anaijua hesabu hiyo kabla kisu hakijanolewa. Asichokijua ni idadi ya watu. Wiki nzima ya mwisho mabasi yatokayo Nairobi na Mombasa hushusha abiria Kibwezi, Wote, Mwingi na Kitui mjini, na hakuna mama wa boma, Mutomo wala Mbooni, atakayempigia shemeji yake simu kumuuliza anakuja na watoto wangapi. Chakula kinachoikabili hesabu hiyo isiyojulikana ni muthokoi.

Mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo, yalowe ganda tu bila kufika moyo wa punje, kisha hutwangwa kinuni mpaka ganda na kiini vitoke. Maji yakizidi, punje hupondeka; yakipungua, ganda hung'ang'ania. Hupepetwa, huanikwa, na wishwa hupewa kuku. Siku hizi mashine za sokoni hukoboa kwa dakika chache, na sioni la kujutia hapo. Punje iliyovuliwa ganda hunywa maji upesi, hivyo huokoa kuni, na ikishachanganywa na mbaazi au maharagwe hubeba mchuzi vizuri. Wageni wakiongezeka, sufuria huongezewa mchuzi na kila mtu hupata.

Chapati haina ukarimu huo. Kila moja husukumwa peke yake na huiva peke yake. Chapati 60, kila moja dakika mbili kwenye kikaango, ni saa mbili mbele ya moto kabla hujahesabu kukanda, na anayekaa hapo mara nyingi ni mke wa mwana, aliyesafiri usiku kucha kama wengine. Tumeifanya chapati kuwa lazima ya sikukuu, tukaacha uzito wake wote kwenye mgongo mmoja. Nyumba inayoitaka iwashe majiko mawili, na vijana wa kiume washike kifimbo cha kusukumia.

Kuhusu maji, hapa ndipo wapishi wa mjini hukwama. Visima vingi virefu vya Kitui na Makueni hutoa maji ya chumvi. Kalsiamu na magnesi zilizomo huikaza pektini, ile gundi inayoshikanisha seli za mbaazi, na sufuria huchemka nusu siku bila mbaazi kulainika. Magadi huharakisha, lakini huharibu vitamini B1, na yakizidi huacha ladha ya sabuni. Afadhali kuloweka mbaazi usiku kucha, kutia chumvi mwishoni, na kutenga maji ya mvua kwa sufuria hiyo na ya chai. Maji ya kisima yaoshe vyombo. Pasipo tangi, maji yaliyofukuliwa kwenye mchanga wa mito ya Tiva au Kaiti hufaa; punda mmoja hubeba mitungi minne ya lita 20, kwa hiyo safari hizo ziishe tarehe 23.

Ratiba hii yote huegemea mvua za vuli, ambazo zikinyesha vizuri huacha tangi na maji na shamba na majani ya kunde. Desemba 2022, baada ya misimu kadhaa mfululizo ya mvua haba, wengi walinunua hata mahindi ya kukoboa.

Mbuzi achinjwe alfajiri. Matumbo husafishwa kwanza kwa kuwa ndiyo huharibika upesi. Kichwa na miguu hubabuliwa manyoya na kuwekwa supu. Misuli ya mnyama hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, kwa hiyo paja la adhuhuri lichemshwe kwanza ndipo likaangwe. Mbavu ziende motoni mapema, ziwashike waliofika na njaa, kwani sufuria ya muthokoi haifunuliwi kabla ya saa nane.