Katuni na Mila za Wenzetu: Suala la Mfugaji wa Kilosa

Wako wanaodhani katuni ni mchezo wa watoto, na kwamba uchambuzi wa itikadi hauna shughuli nayo. Sisi hatukubaliani nao. Uhuru, gazeti la TANU, halikumpa Christian Gregory nafasi ya kumchora Chakubanga ili kujaza ukurasa tu. Picha humfikia hata yule asiyesoma tahariri, na huingia kichwani bila kupiga hodi. Kwa hiyo nani anachorwa, na anachorwa vipi, ni swali la siasa.

Tuchukue kwanza mfano wa nje unaojulikana. Mwaka 1930 Mbelgiji Hergé alianza kuchapisha mjini Brussels hadithi ya picha ya Tintin akiwa Kongo. Hakuwa amekanyaga Kongo. Waafrika wake ni watoto wakubwa wanaomwabudu mgeni. Katika chapa ya mwaka 1946, somo ambamo Tintin aliwafundisha watoto wa Kikongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji liliondolewa, likawekwa somo la hesabu. Watu wenyewe wakabaki vilevile. Hayo ndiyo marekebisho yasiyogusa mzizi: neno la aibu linafutwa, fikra iliyolizaa inaachwa.

Lakini mtu huyo huyo, alipochora juu ya China mwaka 1934 na 1935, alikaa na mwanafunzi wa sanaa kutoka Shanghai, Zhang Chongren, akaelezwa maisha ya huko. Mabango ya mitaani yakaandikwa Kichina halisi, na uvamizi wa Wajapani ukaonyeshwa kuwa uvamizi (ingawa Wajapani wenyewe walichorwa meno nje). Juu ya Kongo alimsikiliza mtawala. Juu ya China alimsikiliza mwenye nyumba.

Sasa turudi kwetu, maana kumlaumu Mbelgiji ni rahisi. Katika katuni zetu za Kiswahili Mmasai ni nani? Mara nyingi ni mlinzi wa geti: shuka nyekundu, rungu, sime, na Kiswahili kilichovunjika ili msomaji acheke. Hatuulizwi kwa nini mwenye mifugo yuko getini kwa mtu akiuza nguvu zake. Tokeo la kupoteza ng'ombe na malisho linafanywa kuwa asili ya kabila. Serikali nayo, mwishoni mwa miaka ya 1960, iliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai mashuka na kuwavisha suruali, kana kwamba unyonge wao ulikuwa katika nguo.

Wilaya ya Kilosa inatufundisha zaidi. Wapo Wakaguru, Wasagara na Wavidunda; wapo waliofuata kazi za mashamba ya mkonge tangu ukoloni wakabaki; wapo wafugaji wasemao Kimaa, wakiwemo Waparakuyo ambao majirani huwaita Wakwavi. Kwenye katuni hao wote ni Mmasai mmoja. Hata mkulima haponi: Mkaguru huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ana sauti katika mahari, lakini katuni ya posa humchora baba peke yake akipokea mbuzi.

Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa na wafugaji. Katuni haikuwaua, na hatusemi hivyo. Lakini picha ya mfugaji aliyezaliwa na sime mkononi inatupunguzia kazi ya kufikiri. Watafiti waliochunguza mauaji hayo walikuta ugomvi wa ardhi na maji, na viongozi waliokula rushwa pande zote mbili. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, imeshika sehemu ya tambarare ya Mkata, na ndani yake hakuna kuchunga. Abiria wa barabara kuu ya Iringa hupita katikati akitazama twiga na tembo. Mfugaji yuko nje ya mpaka, na nje ya picha pia.

Tunamtaka basi mchoraji afike Twatwatwa au Rudewa kabla ya kushika kalamu. Aulize nani hukamua: ataambiwa ni mwanamke, na kwamba ndiye anayegawa maziwa na ndiye anayejenga nyumba. Katika katuni mwanamke huyo ni shanga tu. Michoro ikiisha, airudishe ikaonwe na waliochorwa.

Ndugu wengine watasema tunadai mila zisifiwe. Sivyo. Binti anayeozwa mapema achorwe, na mzee anayemwoza achorwe. Achorwe vilevile tajiri mwenye mamia ya ng'ombe, anayechungiwa na kijana wa mshahara mdogo, na ambaye kijiji kikiitwa kwenye shauri la malisho huzungumza kwa niaba ya wote. Katika katuni tulizosoma huyu hatujamwona. Angevaa shuka ile ile nyekundu.